Kole ya Muhogo kwenye Mlango wa Venansi

Kitu cha kwanza, msinunue kole ya dukani. Ile gundi ya kopo jeupe wanayouza kwenye maduka ya makaratasi inashika siku mbili tu. Jua la saa nane likiipiga inakauka, karatasi inajikunja, halafu inaanguka chini. Mtarudi biro, pale ofisini, mkisema ni upepo, na Metre hatawaamini. Hata mimi singewaamini.

Nimeacha kazi, magoti yamekataa, na nyinyi mnaobaki kule biro mmeniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukifanya. Haya. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, Buyenzi, kwa mwalimu Fabiola, aliyeondoka kuolewa Rumonge kabla hajanimalizia masomo. Mkikuta makosa humu, muulizeni yeye. Lakini majina ninayo yote. Kichwa changu hakikushika hesabu, kilishika watu.

Kazi yangu ilikuwa kubandika afishi za mnada. Mnajua, lakini acha niseme kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Mtu amekopa banki, ameweka nyumba yake rehani, ameshindwa kulipa. Banki inakwenda kortini, korti inaamua, na kazi inamfikia dalali wa korti, yule ambaye hapa Bujumbura tunamwita wisiye, na akiwa mbele yetu tunasema Metre. Metre anaandika karatasi: nyumba ya fulani, kartiye fulani, yaani mtaa fulani, itauzwa siku fulani. Hiyo karatasi ndiyo afishi. Lazima ikae kwenye mlango wa ile nyumba, kila mpita njia aione, mpaka siku ya mnada. Isipokuwepo, mnada unaweza kuvunjwa. Mawakili wote wale na kravati zao shingoni, mihuri, mafaili yaliyofungwa kamba, vyote vinategemea bakuli la kole la mwanamke mzee.

Nilianza kwa eda ya mtu mwingine. Wakati ule nilikuwa mjane tayari, nikiuza chai na chapati chini ya biro ya Metre Onesforo, mjini kati, pale ngazi zinapoanzia. Siku moja akashuka amekunja uso. Alikuwa na karatasi ya kumpa mjane wa Buyenzi mkononi mwake mwenyewe, na wanaume wa nyumba ile walikuwa wamemzuia mlangoni mara mbili. Mwenye eda haonani na mwanaume wa nje.

"Mama Salima," akaniambia, "we ni Mwislamu wa Buyenzi. Wewe watakuruhusu."

"Watanikaribisha, Metre. Chapati zangu nani ataziangalia?"

"Nazinunua zote."

Nikaenda. Yule mjane aliitwa Bi Zainabu binti Saidi, mumewe alikuwa fundi wa redio. Nikampa pole, nikakaa, nikanywa chai, nikasikiliza habari ya ugonjwa wa marehemu toka mwanzo, halafu ndiyo nikatoa karatasi na kumweleza ilikuwa ya nini. Nikatoka baada ya saa mbili. Metre alikuwa ananingoja nje kwenye jua, uso umelowa jasho, na chapati alikuwa amekwisha kula nne.

"Nilikutuma karatasi, mama. Sikukutuma harusi."

"Metre, mutu ako na eda huwezi kumutupia karatasi kama kuku unamutupia mahindi."

Akacheka. Kesho yake akaniajiri. Siku ya kwanza kazini nilifagia, siku ya pili nilipewa brosi.

Aliyenifundisha brosi ni Mzee Rajabu, aliyebandika afishi kabla yangu. Alikuwa mwembamba sana, kofia ya kufuma, na alikuwa na dharau kubwa kwa watu wanaobandika karatasi kwa haraka. Vyombo vyake vilikuwa ndoo ya rangi ya zamani yenye mfuniko, brosi pana ya nywele laini, mwiko, kitambaa cha pamba, na kisu kisicho na makali. Alinirithisha vyote isipokuwa kofia.

Kole yake ilikuwa ya unga wa muhogo. Unauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, unauvuruga kwanza na maji baridi ili usifanye madonge, kisha unamimina maji yanayochemka huku unakoroga upande mmoja, mpaka uwe laini na uangaze. Usitie chumvi. Chumvi ndiyo kosa la kwanza la kila anayejifunza. Halafu unatia pilipili, ile ndogo kali, iliyokaushwa ikatwangwa.

"Pilipili ya nini, Mzee?"

"Mama Salima, we unafikiri unamubandikia nani?"

"Watu, si ndiyo? Wasome."

"Watu hawasomi. Mutu akiona muhuri anageuza uso. Anayemaliza afishi mustari kwa mustari ni mbuzi."

Nikadhani ananitania. Halafu akachovya kidole kwenye kole, akaonja, akafunga macho. Akaniambia nionje na mimi. Wallahi machozi yalinitoka. "Ulimi wako ukilia, ndiyo iko tayari," akasema. "Kole isiyoonjwa usiitoe nje ya biro. Hiyo ni uji, siyo kole."

Akanifundisha na adabu, ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya sheria. Kwanza, piga hodi, hata kama huhitaji ruhusa. Salimia, sema jina lako na mahali unapotoka. Usibandike saa ya chakula. Ukikuta msiba, zunguka, rudi kesho, na Metre akiuliza mwambie mlango ulikuwa umelowa. Usipokee kitu isipokuwa maji. Na bandika kwenye usawa wa macho, wima, umepangusa vumbi kwanza, kwa sababu ile ni nyumba ya mtu mpaka dakika ya mwisho.

Hilo la kubandika wima nililielewa Kajaga. Kulikuwa na bwana mmoja, Fransisko, aliyekuwa na mtumbwi wa mota na nyumba ya matofali karibu na ziwa. Alisimama nyuma yangu mikono mfukoni, akiniangalia kama mtu anayemwangalia fundi.

"Pandisha kidogo kushoto, mama."

Nikapandisha.

"Bado. Hapo. Sasa sawa. Kama nyumba yangu inauzwa, isiuzwe imeinama."

Na wako wengine. Kule Zone Industrielle, penye viwanda, kulikuwa na depo, ghala la mizigo la bwana Yusufu Karim. Alipojua tunakuja aliegesha lori mbele ya geti, akaondoa magurudumu mawili ili lisisogezwe, akafikiri ametushinda. Nikampigia Metre simu. Metre akaniuliza, "Hilo lori limo kwenye orodha ya vitu vilivyowekwa rehani?" Nikamwambia subiri, nikamwita askari wa pale, Barnabe, anisomee namba ya gari, nami nikaitafuta kwenye orodha. Limo. "Basi bandika kwenye lori na lenyewe." Nikabandika moja kwenye lori, nikapenya kwa ubavu, nikabandika nyingine kwenye geti. Mpaka leo nikipita pale Barnabe ananiuliza kama nimekuja na ndoo.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Rajabu akarudi kwao Rumonge, mimi nikabaki na ndoo.

Sasa tatizo langu lilikuwa mwezi wa Ramadhani. Kole lazima ionjwe, na mimi nimefunga. Sheikh wetu alisema kuonja bila kumeza hakuna ubaya mtu akiwa na haja, lakini mimi sikuwahi kujiamini na ulimi wangu. Kwa hiyo tulipatana na Metre Onesforo. Yeye ni mtu wa kanisa, hana mfungo wa mwezi ule. Kila Ramadhani, nikimaliza kukoroga nyuma ya biro, nilikuwa nagonga dirisha lake, anatoa mkono, anachovya kidole, anaonja. Akikohoa, naondoka. Mteja akiwepo ofisini huwa anageuka ukutani kwanza ndiyo akohoe. Wateja walikuwa wakidhani Metre ni mgonjwa wa kifua.

Tulifanya hivyo miaka mingi bila shida, mpaka kesi ya Venansi.

Venansi alikuwa na mashine mbili za kusaga kule Carama, mashamba yanapoanzia. Muhogo, mahindi, soya. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya mashine, na humo anaishi na mkewe Goreti na watoto watano. Alikopa banki anunue mashine ya pili, nyumba na parsele, kiwanja chote, akaweka rehani. Alikuwa akilipa vizuri. Kisha mazutu, mafuta ya mashine, yakaanza kukosekana, mnaijua habari ile, sote tulitembea kwa miguu. Mashine zikanyamaza. Akina mama waliokuwa wakipanga mabeseni mlangoni kwake wakaenda kwa mtu mwingine aliyesaga kwa umeme. Venansi akarudi nyuma kulipa, akarudi tena, na banki ikaenda kortini.

Ilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani. Nikakoroga kole, nikagonga dirisha. Metre alikuwa anafunga kravati, anangojwa kortini.

"Leo apana, Mama Salima. Niko na shati nyeupe."

"Kidole tu, Metre."

"We si unajua vipimo?"

"Vipimo najua. Pilipili ndiyo siijui. Nimenunua kwa mutu mupya pale soko, nyekundu kabisa, lakini nimeitwanga na sijapiga hata chafya moja."

"Nyekundu inatosha. Nenda, jua linapanda."

Nikaenda. Hapa sitajificha nyuma ya Metre. Ndoo nilikuwa nimeibeba mimi, na neno la Mzee Rajabu nilikuwa nalo kichwani. Nilipaswa kuiweka ndoo chini na kumtafuta mtu yeyote wa kuonja, hata mpita njia. Sikufanya. Nilikuwa na kiu, nilitaka kurudi mapema.

Carama nilimkuta Goreti anapepeta maharagwe. Nikapiga hodi, nikasalimia, nikasema jina. Akaangalia ndoo, akaacha kupepeta. Venansi akatoka ndani, mtu mrefu, bado ana unga kwenye nyusi ingawa mashine hazikuwa zinasaga. Nadhani ulikuwa umeshaingia kwenye ngozi.

"Mama," akasema, "nimepeleka karatasi kortini. Nimeomba konkorda. Wiki ijayo watanisikiliza."

Konkorda ni kinga. Mfanyabiashara aliyekwama bila ujanja anaweza kwenda mwenyewe mbele ya jaji, aseme: nimekwama, na hivi ndivyo nitakavyojikwamua. Jaji akimkubali, anawaambia wote wanaomdai wasimame. Hakuna kukamata, hakuna kuuza, mpaka muda wake uishe. Lakini wanamtazama kwanza. Wanataka mtu wa nia njema. Akionekana mjanja, hapati, na mnada unaendelea.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nabandika tu."

"Bandika, mama. Hiyo ni kazi yako. Ile ya kortini ni yangu."

Akanishikia karatasi kwa juu isipepee. Nikabandika, wima.

Nilikuwa na desturi ya kupita kuangalia afishi zangu baada ya siku chache. Jumatatu nikarudi Carama. Afishi haipo. Pale juu kabisa kulikuwa na kipande chembamba kama vidole viwili, kina neno moja na nusu muhuri.

"Goreti! Nani amechana?"

"Mana yanje, mama, si sisi!" Alikuja mbio, mikono ina sabuni. "Jana tulienda misa, wote, na watoto. Kurudi tukakuta hivi hivi. Venansi amelala vibaya usiku muzima. Anasema watafikiri ni yeye."

Nikasogea karibu na mlango. Nimebandika karatasi nyingi, na nimeona nyingi zilizochanwa na watu wenye hasira. Mtu akichana, kole inabaki, na karatasi inabaki kwenye kole kama magamba. Pale bati lilikuwa safi. Lilikuwa limelambwa. Ukingo wa kile kipande cha juu ulikuwa umetafunwa, siyo umechanwa, na chini yake kulikuwa na mikwaruzo miwili miwili ya kwato. Nikainama. Mavi ya mbuzi, bado laini.

"Hapa jirani nani anafuga?"

"Mama Nestori. Ako na beberu moja, anaitwa Komanda. Kamba hazimuwezi."

Nikafumba macho. Nikamwona Mzee Rajabu na kidole chake.

Nikarudi biro, nikamweleza Metre yote. Akaniambia nipike nyingine, nibandike afishi mpya, na ninyamaze.

"Nikiandika kwenye faili kwamba mbuzi amekula karatasi ya korti, watanicheka mpaka Gitega."

"Na Venansi je?"

"Venansi hajaulizwa kitu. We bandika."

Nikabandika nyingine siku ileile, ya pilipili nyingine, na mara hii Metre alionja bila kuambiwa, akakohoa kweli kweli. Lakini Jumapili kuna mtu wa banki alikuwa amepita na pikipiki. Alikuta mlango mtupu, akapiga picha. Hatukujua.

Tulijua siku Venansi aliposikilizwa. Metre alikuwa ameitwa kuthibitisha kwamba afishi zilibandikwa, akanichukua kama shahidi wake. Jaji alikuwa mwanamke, Madamu Beatrisi, mtu wa miwani, anayeongea polepole. Venansi alieleza mpango wake vizuri: atauza mashine moja, kwa hiyari yake, nyingine ataitia mota ya umeme, atalipa kidogo kidogo. Niliona jaji anaandika. Nikasema moyoni, huyu anapata.

Ndipo akasimama wakili wa banki, Avoka Klovisi, sauti nzuri, viatu vinavyolia. Akatoa picha.

"Madamu Jaji, mdaiwa anazungumza juu ya nia njema. Hii ni nia yake. Jumapili alichana karatasi ya korti ili mnada usifanyike. Mutu kama huyu ndiye tumupe kinga?"

Jaji akaangalia picha, akamwangalia Venansi. "Ulichana?"

"Apana, Madamu. Naapa."

"Nani basi?"

Venansi akageuka kumtazama mkewe. Nyuma yake Goreti akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni mbuzi," na chumba kizima kikacheka. Klovisi alicheka zaidi ya wote, mpaka akajipangusa macho. Venansi akainamisha kichwa. Nikaona jaji anaweka kalamu chini, kwa namna ya mtu ambaye amekwisha kuamua.

Akamgeukia Metre. "Metre, afishi ya kwanza ilibandikwa vizuri?"

"Vizuri kabisa, Madamu Jaji."

Nikasimama. Metre akavuta ncha ya mtandio wangu, nikauacha mkononi mwake, nikabaki na kitambaa cha chini.

"Madamu Jaji, mi ndiye nilibandika. Haikubandikwa vizuri."

Jaji akaniangalia juu ya miwani.

"We ni nani, mama?"

"Mwamini binti Hamisi, Mama Salima, wa Buyenzi. Kole nilipika mimi. Pilipili haikuwa kali. Kole bila pilipili ni ugali, na mbuzi wa jirani ameula. Nimeona kwato, nimeona pamelambwa. Nikanyamaza, na hilo ni kosa la pili."

"Pilipili," akasema jaji.

"Ndiyo, Madamu. Kwa kawaida tunaonja. Mi nimefunga, kwa hiyo anayeonja ni Metre. Siku ile hakuonja."

Madamu Beatrisi akavua miwani. "Metre Onesforo, wewe unaonja kole?"

Metre alijibu kwa adabu sana, akiangalia ukuta. "Wakati wa Ramadhani tu, Madamu Jaji."

Sijui mnajua aibu ya mtu mzima inavyokuwa. Mimi niliisikia mgongoni kama maji ya moto. Klovisi akasema huu ni mchezo wa kuigiza, bibi amehongwa maharagwe. Lakini jaji alikuwa ameshaandika. Akasema kesho asubuhi korti itakwenda yenyewe Carama kuangalia.

Tukaenda. Jaji, karani wake, Klovisi na viatu vyake, Metre ambaye hakuniongelesha njia nzima. Watu wa kartiye wakakusanyika kama kwenye mechi. Nilikuwa nimebakiza pilipili ileile kwenye karatasi, nikapika kole palepale kwenye jiko la Goreti, kwa vipimo vilevile. Nilipomaliza nikasema, "Madamu, lazima ionjwe, na mi siwezi." Metre akanyoosha mkono. Jaji akamtangulia. Akachovya kidole chake mwenyewe, akaonja, akafikiri.

"Haiwashi hata kidogo. Andika, karani. Avoka, karibu uonje."

"Nitaamini neno la korti," akasema Klovisi.

Nikabandika karatasi nyeupe mlangoni, pembeni ya ile afishi mpya. Mama Nestori akamfungua Komanda. Beberu mkubwa, ndevu za kiongozi. Akatoka, akatuangalia mmoja mmoja, akaenda kula majani kule ng'ambo ya njia.

Dakika kumi. Hakuna kitu. Klovisi akaangalia saa. Goreti alikuwa ameshika mkono wa Venansi, na Venansi alikuwa anamwangalia yule mbuzi kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Kole bado ya moto," nikasema. "Muache ipoe. Na nyinyi rudini nyuma, mbuzi naye ana haya."

Tukarudi nyuma. Goreti akaleta viti, jaji akakaa kwenye kivuli cha nyumba ya mashine. Kisha kiupepo kikapita kutoka upande wa mlango. Komanda akainua kichwa. Akavuka njia bila haraka, akanusa afishi ya pilipili, akapiga chafya, akaiacha. Akanusa ile nyingine. Akasimama kwa miguu ya nyuma, kwato mbili kwenye bati, akaanza na pembe ya chini. Alikula kwa utaratibu, na alipomaliza akalamba bati mpaka likang'aa, akabakiza kile kipande cha juu asichokifikia. Vidole viwili.

Watu walipiga kelele kama goli limeingia.

"Huyu amefundishwa!" Klovisi akasema.

"Kufundishwa kula, Avoka?" akasema jaji. Akasimama, akapangusa sketi. "Andika, karani. Mdaiwa hakuchana."

Venansi akapata konkorda yake. Mnada ukasimamishwa. Mimi nikachukuliwa ufunguo wa biro na Metre siku ileile. Hakugomba. Alisema tu, "Mama Salima, pumzika kwanza," kwa ile sauti ambayo mtu akiisikia anakwenda nyumbani kutafuta sufuria zake za chapati. Nikauza chapati wiki tatu. Idi ikapita. Halafu asubuhi moja nikamwona anakuja Buyenzi kwa miguu, kravati mfukoni, akasimama mbele ya jiko langu.

"Kijana niliyemupa ndoo anatumia kole ya dukani," akasema.

"Na?"

"Afishi tatu zimeanguka."

"Pole, Metre."

"Kesho kuna kazi Kajaga." Akachukua chapati, akalipa, akaondoka. Hatukuzungumza tena habari ile. Ila toka siku hiyo, kila Ramadhani, alikuwa akionja hata kabla sijagonga dirisha, awe na shati nyeupe au hana.

Venansi alitumia muda wake wote aliopewa, na alipoomba kuongezewa kidogo akapewa. Mashine moja aliuza, nyingine ikawa ya umeme, akina mama na mabeseni wakarudi mmoja mmoja, mteja wake wa zamani Spesiose akiwa wa kwanza. Banki ikakubaliana naye. Siku karatasi ya mwisho ilipotiwa sahihi Metre aliniita akaniambia niende Carama nikabandue.

Nilisimama sijui nichukue nini. Miaka yote ile nilitumwa kubandika. Kubandua sikuwahi kutumwa hata mara moja, kwa sababu afishi zote nyingine zilibanduliwa na mwenye nyumba mpya. Nikachukua kile kisu kisicho na makali na kitambaa.

Ile afishi ilikuwa imeshika haswa, ilikuwa imekaa jua na mvua. Nikailoweka kwa maji ya moto, nikaanza kukwangua taratibu kutoka juu. Karatasi ikatoka, na rangi ya mlango ikatoka nayo, kipande kizima, bati likabaki tupu kama kidonda. Goreti akatoka ndani na beseni, akaona.

"Yoo! Mama Salima! Angalia unavyonifanya! Rangi ya mulango wangu yote umeiondoa! Nani atanipakia sasa? Haya mambo gani, mutu muzima hajui kukwangua?"

Alinigombeza vizuri. Alinigombeza mpaka Mama Nestori akachungulia juu ya ukuta, na mimi nikaendelea kukwangua nimeinamisha kichwa, nikisema pole, mwanangu, pole, na sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile.